Kabla Hujaenda Kujitafuta



Kwa kawaida ukurasa huu unawaletea ujumbe wa Jumapili ukiwa umefupishwa, ili aliyekosa ibada asome, na aliyesinzia (mnajijua) apate nafasi ya pili. Wiki hii sifupishi. Nasahihisha.

Majuma mawili yaliyopita nilihubiri kutoka Luka 15, habari ya mwana mpotevu. Katikati ya mahubiri nikaingilia mambo ya watu wanaoacha kazi nzuri hapa Nairobi na kukimbilia majuu ati wanaenda kujitafuta. Nikasema mtu aliyepotelea Upper Hill hawezi kujipata Toronto. Ilikuwa sentensi tamu. Kanisa lilicheka, wengine wakapiga makofi, na mimi nikairudia mara ya pili ili wale wa nyuma wasikie. Baada ya ibada dada mmoja alinisubiri mlangoni. Alinisalimia kwa heshima kama siku zote, kisha akaniambia, "Pasta, leo umemhubiri mume wangu. Sawa. Lakini mimi nilikuwa nimeketi pale pale, na mimi pia hukuniona."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutaongea, nikageuka kumsalimia mtu mwingine.

Nimekaa na maneno hayo siku kumi na nne. Nimeomba ruhusa ya dada huyu kuandika, na karatasi hii ameisoma kabla ya kwenda kuchapwa. Mume wake naye nimempigia simu. Sitawataja majina, ingawa najua wengine wenu mtajaribu kukisia. Naomba msijaribu.

Wacha nianze na hilo neno lenyewe, kujitafuta. Hapa mjini ukimuuliza kijana habari yake anakwambia, "Bado najitafuta." Maana yake hana kazi, au ana vibarua viwili vitatu, na kodi ya nyumba inamkimbiza. Na yule aliyenunua gari akahama Kawangware kwenda Kilimani tunasema amejipata. Kwa hiyo, kwa lugha ya Nairobi, mtu hujipata siku anapopata pesa. Ndiyo sababu ndugu yetu aliponiambia anataka kwenda kujitafuta, masikio yangu yalisikia pesa.

Tulikuwa tumekaa kwenye hoteli moja ndogo karibu na Bustani ya Jeevanjee, saa saba ya mchana, tukinywa chai. Yeye ni mhasibu, CPA kamili, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifanya ukaguzi wa hesabu katika ofisi moja ya kule Upper Hill. Nilimuuliza kama huko Kanada watamlipa zaidi. Akacheka. "Pasta, mimi nilijipata kitambo. Hiyo ndiyo shida."

Kisha akaniambia jambo ambalo wakati huo nililiona la kitoto. "Nimekagua hesabu za watu miaka kumi na mmoja. Sijawahi kutengeneza kitu hata kimoja ambacho mtu anaweza kukikalia." Alikuwa amepata nafasi katika chuo kinachofundisha useremala, miaka miwili. Useremala, wapendwa! Nilimwambia, ndugu yangu, kutoka Adams mpaka Dagoretti Corner, Ngong Road nzima imejaa maseremala, wanatengeneza vitanda na makochi kando ya barabara. Kwani lazima upande ndege? Si ushuke tu kwenye matatu?

Alinitazama, akasema, "Hapo siwezi. Hapo mimi ni CPA."

Nitarudi kwa jibu hilo. Kwanza nikiri nilichofanya siku hiyo. Nilimwambia aombe. Nilimwambia Mungu si Mungu wa machafuko. Nilimsomea habari za mtu anayetaka kujenga mnara na kuketi kwanza kuhesabu gharama. Yote hayo yamo katika Biblia na ni kweli. Lakini kichwani mimi nilikuwa nikihesabu mambo mengine. Ndugu huyu alikuwa mtoaji mwaminifu wa fungu la kumi, tena ndiye aliyekuwa akituangalizia vitabu vya hesabu za ujenzi. Nilisomea biashara chuo kikuu, najua mteja mkubwa akiondoka kunakuwaje. Nilimshauri kama mtu anayelinda mapato, kisha nikaita ushauri huo neno la Mungu.

Halafu, sikizeni jambo la ajabu. Baada ya kumwambia asiende, nilimtilia sahihi. Karo ya mwaka wa kwanza aliichukua kwa mkopo wa Sacco, shilingi 800,000, akatafuta wadhamini wanne. Wa kwanza mke wake. Wengine wawili ni watu wa ushirika wa nyumbani, na wa nne ni mimi. Sikutaka aone kwamba nampinga. Basi mdomo ukasema usiende na mkono ukasema nenda. Huyo ndiye mchungaji mliye naye.

Aliondoka Januari ya mwaka jana. Kufikia Julai marejesho yalikuwa yamesimama, na Sacco ikafanya kile ambacho fomu ilisema itafanya: ikaanza kutukata sisi wadhamini. Mimi nakatwa shilingi 6,400 kila mwezi. Mnielewe sasa. Jumapili ile niliposimama pale mbele na kuwacheka wanaoenda kujitafuta, haikuwa Luka 15 peke yake iliyokuwa ikihubiri. Zile 6,400 pia zilikuwa zikihubiri.

Sasa turudi kwa lile jibu lake, kwamba Ngong Road hawezi kwa sababu pale yeye ni CPA.

Nimelifikiria sana. Hebu fikirini mhasibu huyu amesimama kwa wale mafundi karibu na Dagoretti Corner, amevaa aproni, vumbi la mbao limemjaa kichwani, na saa kumi na moja jioni matatu zinapita zimejaa watu wa kanisa hili. Tungesemaje? Tungesema amefutwa kazi. Tungesema amelogwa, au ana madeni, au ameanza kunywa. Mama yake kijijini angepigiwa simu kabla ya jioni hiyo kuisha. Wazee wangemwita, na mimi ningekuwa nimeketi hapo mezani. Hapa nyumbani kila mtu alikuwa ameshampata, ameshamweka mahali pake, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachilia. Kanada hakuna anayemjua. Kule anaweza kushika randa akaonekana tu kuwa mtu anayejifunza kazi.

Na sisi tunamwabudu Bwana aliyekuwa seremala. Lakini muumini wetu mwenye shahada akitaka kuwa seremala, lazima avuke bahari kwanza.

Kuna jambo lingine linaloniumiza hapa. Kanisa letu halina shida na safari za majuu. Mnakumbuka ni mara ngapi tumeweka mikono juu ya pasipoti hapo mbele. Wauguzi wetu walianza kuulizia Uingereza sana baada ya serikali zetu mbili kutia sahihi mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021. Ujerumani nao walitia sahihi na Kenya mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024, na wiki hiyo hiyo nilipata simu tatu za watu wanaotaka maombi na mwalimu wa Kijerumani. Mwaka huo wa 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, ambazo ni nyingi kuliko tunachopata kwa kuuza chai yetu nje. Kwa hiyo anayesema naenda kutafuta pesa tunamwombea, tunamfanyia sherehe, tunapiga picha naye. Anayesema sijui mimi ni nani, naomba mnisaidie kujua, huyo tunamkemea. Wote wawili wanaacha mke. Wote wawili wanaacha watoto. Lakini mmoja tumemwita mshindi na mwingine mpotevu, na ukitazama vizuri kilichowatofautisha ni pesa.

Wengi wenu mmewahi kupanga foleni ya pasipoti pale Nyayo House, Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Ule msongamano mnaujua. Siku hizi nikipita hapo huwa namfikiria yule mzee mwenye jina la hiyo barabara, kwa sababu yeye pia aliacha kazi ya mjini akaenda ng'ambo, na alirudi akiwa mtu mwingine.

Alibatizwa Thogoto, katika misheni ya Waskoti, mwaka 1914, akaitwa Johnstone. Miaka ya 1920 alifanya kazi katika idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, stoo na kusoma mita. Alikuwa na kaduka kake Dagoretti, huku huku kwetu. Kwa Mwafrika wa wakati ule ilikuwa kazi ya maana sana. Mwaka 1928 akaiacha, akawa katibu wa chama cha KCA na mhariri wa gazeti la Muigwithania. Mwaka 1929 chama kikamtuma London kupeleka malalamiko ya ardhi. Akarudi 1930, na 1931 akaenda tena. Safari hiyo ya pili ilichukua miaka kumi na mitano.

Huko alifanya kila kitu. Alisoma Moscow kwa muda. Alikuwa mmoja wa wale Waafrika wanaopita nyuma ya waigizaji katika filamu moja ya Waingereza ya 1935. Wakati wa vita alifanya kazi shambani huko Sussex. Na alisomea mila na desturi za jamii chini ya profesa Malinowski, akatoa kitabu kuhusu Wagikuyu mwaka 1938. Fikirini jambo hilo. Mtoto wa Wagikuyu alikwenda mpaka London kusomea Wagikuyu, na kwenye jalada la kitabu hicho Johnstone hayupo tena. Yupo Jomo.

Hapa Nairobi asingeweza kuwa Jomo. Hapa serikali ya Mzungu ilikuwa imeshampata: karani, Mwafrika, mtu wa kubeba kipande. Ilibidi aende mahali ambapo jina lake halijaandikwa bado. Ndugu yetu wa Upper Hill hakuwa na kesi ya ardhi ya kupeleka kwa Waingereza, najua, na simlinganishi na mwanzilishi wa taifa. Ninachosema ni kwamba ile sentensi yangu tamu ya Jumapili haikuwa kweli. Kuna watu waliopotelea hapa na wakajipata huko. Mmoja wao tulimfanya Rais.

Lakini mhasibu yeyote atakwambia hesabu ina pande mbili.

Alipopanda meli mara ya kwanza 1929, mke wake Grace Wahu alibaki na mvulana, Peter Muigai, aliyezaliwa 1920, na msichana, Margaret, aliyezaliwa 1928. Msichana huyo hakuwa amefikisha miaka miwili. Baba yake aliporudi mwishowe, Septemba 1946, alikuwa na miaka kumi na minane. Na huko Uingereza baba alikuwa ameoa tena mwaka 1942, mwanamke aliyeitwa Edna Clarke, wakapata mtoto wa kiume 1944. Meli ilipoondoka 1946, Edna alibaki na mtoto wa miaka miwili. Kwa hiyo mara mbili, upande huu wa bahari na upande ule, kuna mama aliyebaki na mtoto mdogo.

Simhukumu Mzee. Hayo ni ya Mungu, na bila safari ile historia yetu ingekuwa nyingine. Nasema tu kwamba chama kilimtuma, lakini chama si nyumba. Ukisoma historia yake unakuta chama, unakuta maofisa wa serikali, unakuta maprofesa. Wahu anatajwa kwa vipande vifupi: aliolewa, alizaa, alibaki. Aliishi mpaka 2007, miaka ishirini na tisa baada ya kifo cha mumewe. Na yule msichana Margaret alikuja kuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970 hadi 1976, akiongoza baraza lile lile ambalo baba yake aliwahi kulisomea mita za maji. Nikipita City Hall huwa nafikiria hilo. Sijui kwa nini linanigusa hivi. Labda ni kwa sababu na mimi nina binti wa miaka miwili.

Basi juzi Jumanne nilikwenda kumwona dada yetu kule Satellite. Nilimuuliza kuhusu zile fomu za Sacco. Akasema alitia sahihi mezani pale pale tulipokuwa tumeketi, mtoto wa mwisho akiwa mgongoni. Nikamuuliza, "Ulikubali?" Akasema, "Niliombwa sahihi. Sikuombwa kukubali." Halafu akaongeza, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi: "Na wewe Pasta ulikuja hapa ukaniombea nipate uvumilivu. Ulianza kuomba kabla hata hujaniuliza ninaendeleaje."

Ni kweli. Nakumbuka ziara hiyo. Nilikuwa na kikao saa kumi.

Sikizeni, nilipokuwa nikifanya kazi ya mikopo, kabla ya utumishi, tulikuwa na msemo ofisini kwamba mdhamini ndiye mtu wa mwisho kujua na wa kwanza kulipa. Tulikuwa tunacheka tukisema hivyo. Mtu anayekopa anaijua safari yake, ana ndoto yake, ana chuo chake. Mdhamini ana kalamu tu. Na kila mtu anayeenda kujitafuta amekopa kitu, hata kama hajawahi kufika Sacco. Amekopa miaka ya mke wake. Amekopa usiku ambao watoto wataugua naye hayupo. Amekopa uzee wa mama yake. Hapo sipati kosa, maisha yote ni kukopeshana, na ndoa ni Sacco ya watu wawili. Ubaya ni kumkata mtu ambaye hukumweleza ni mkopo wa nini.

Nilirudi kwenye Maandiko na macho mengine, na nikaona watu niliokuwa nawaruka.

Elisha alikuwa mtu mwenye mali. Alikuwa akilima na jozi kumi na mbili za ng'ombe Eliya alipomtupia vazi lake (1 Wafalme 19). Huyo ni mtu wa kazi kubwa anayeacha kazi. Nilishahubiri habari hiyo mara nyingi, na kila mara nilikimbilia vazi. Sasa tazama alichofanya katikati. Aliomba kwanza awaage baba na mama. Akachinja ng'ombe, akachoma nira zao kuwa kuni, akawapikia watu wake wakala. Ndipo akaondoka. Alifunga hesabu mbele ya kijiji kizima. Hakuna mtu aliyebaki akijiuliza Elisha yuko wapi, wala ng'ombe wale ni wa nani.

Yakobo na Yohana waliacha nyavu wakamfuata Yesu. Tunaimba hivyo watoto wa Shule ya Jumapili wakiruka ruka. Lakini Marko, katika ile sura ya kwanza, anaongeza kitu kidogo ambacho hakuwa na lazima ya kukiandika: baba yao Zebedayo walimwacha chomboni pamoja na wafanyakazi wa mshahara. Mzee hakuachwa na nyavu peke yake. Kulikuwa na mikono ya kuvuta. Na Ibrahimu, aliyeambiwa atoke katika nchi yake, alitoka na Sara na Lutu na watu wa nyumba yake.

Najua mnachotaka kuniuliza, maana mzee mmoja wa kanisa ameshaniuliza. Je, Luka 9? Pale mtu anapomwomba Yesu ruhusa akawaage watu wa nyumbani, na Bwana anamjibu kwa ukali habari za kushika jembe na kutazama nyuma? Siwezi kuuruka mstari huo. Ni mgumu na utabaki mgumu. Lakini Bwana huyo huyo, katika Marko 7, aliwakemea kwa ukali zaidi wale waliowaambia wazazi wao kwamba msaada mliotarajia kwangu nimeutoa kwa Mungu, yaani walitumia mambo ya dini kukwepa deni la nyumbani. Mimi navisoma vifungu hivi pamoja. Kuaga kunaweza kuwa njia ya kuchelewa. Kulipa deni ni jambo lingine. Na alipokuwa msalabani, akiwa na kazi kubwa kuliko yoyote iliyowahi kufanywa, alitafuta pumzi ya kumpangia mama yake mahali pa kuishi.

Na mwana mpotevu, niliyemtumia vibaya siku ile? Nilisema alipotea kwa sababu alienda nchi ya mbali. Someni tena. Kwa Kiyunani, pale kwenye nguruwe, Luka anasema kijana alijirudia mwenyewe. Kwa maneno mengine, alijipata. Alijipata ughaibuni, katika kibarua kibaya, mbali na kanisa lolote. Sikusema hivyo Jumapili kwa sababu kungeharibu sentensi yangu. Na alipojipata, kitu cha kwanza kilichomjia akilini ni watu wa nyumbani: baba yake, na hata wale vibarua wa baba yake. Alianza kupanga atamwambia nini mtu aliyemkosea. Ukitaka kipimo cha kujua kama kweli mtu amejipata, mimi nadhani ni hapo. Mtu akikwambia amejipata na katika maelezo yake yote hakuna jina la mtu anayemdai, huyo bado anatafuta.

Nilimpigia ndugu yetu Jumatano usiku, huko ilikuwa mchana. Nilianza kwa kumwomba msamaha wa mahubiri, maana alikuwa ameshasikia. Habari za kanisa hufika Kanada kabla sijashuka madhabahuni. Akanyamaza kidogo. Akasema mchana anasoma na usiku anapanga mizigo kwenye ghala, na kodi ya chumba ilipopanda alishindwa na Sacco, na aliposhindwa aliona aibu, na alipoona aibu akaacha kupokea simu. Mimi nilikuwa nimefikiri ni kiburi. Nikamuuliza kama amejipata. Akasema, "Pasta, sijui. Lakini nimetengeneza stuli." Akanitumia picha. Ni stuli ya miguu mitatu, ya mbao nyekundu nyekundu, imetulia sawasawa. Nilimwonyesha mke wake. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Hiyo ndiyo stuli ya shilingi laki nane." Kisha akasema, "Lakini ni nzuri."

Hatujamaliza. Ndugu ameanza kutuma Sacco kidogo kidogo. Mwezi huu nimekatwa 4,100 badala ya 6,400. Kati yake na mke wake kuna mazungumzo ambayo si ya kijarida. Kuna swali kama atarudi akimaliza chuo, na kuna swali gumu zaidi, kama akirudi na randa yake tutampokea fundi huyo, au tutamdai yule mhasibu wetu wa zamani. La pili ni letu sisi.

Kuhusu mimi, nilimuuliza dada swali nililopaswa kumuuliza mwaka juzi: "Wewe ulitaka nini?" Alikuwa akipika. Alipunguza moto, akavuta kiti, akanieleza kwa karibu saa nzima. Aliyoniambia ni yake. Nitasema tu kwamba yeye pia ana kitu anachotaka kukifanya kwa mikono yake, na tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Wala mume wake hakujua. Siku ya simu tulimweka kwenye spika wote watatu, akalisikia kwa mara ya kwanza akiwa upande wa pili wa dunia.

Nimezungumza na Mchungaji Mkuu na amekubali tubadilishe jambo moja. Kuna wapendwa wawili wanaosafiri mwezi ujao, mmoja Ujerumani kwa kazi ya uuguzi, mwingine anajijua. Kabla ya kuwaombea mbele ya kanisa, naomba mje ofisini Jumatano saa kumi na moja jioni. Mje na wale mnaowaacha. Nitaanza na wao. Kama kuna fomu zozote za mkopo, zileteni kabla hazijatiwa sahihi.